Bastola Ndani ya Soksi

Kwetu Ketchikan, mji wa wavuvi karibu na mpaka wa Kanada, ukimuuliza mtu kama ana bunduki kwenye boti yake, atakushangaa kama vile umemuuliza kama ana sufuria. Anayo, tena si moja. Kuna ya dubu, kwa wale wanaoshuka ufukweni kuteka maji au kuchuma matunda, na kuna ya samaki. Hiyo ya samaki ndiyo ninayotaka kuisema, kwa sababu ndiyo iliyomchelewesha kaka yangu Arvid. Mpaka leo nikiikumbuka damu inanichemka, na ikishapoa nalia.

Halibati ni samaki bapa, na akikomaa anaweza kumzidi mtu mzima kwa uzito. Ukimvuta kwa mshipi anakuja polepole, mpole kabisa, macho yote mawili upande mmoja, mpaka unaweza kumhurumia. Mwingize sitahani akiwa hai ndipo utamjua. Mjomba wetu Torvald alivunjwa mguu na mmoja wao, na hakutembea tena sawasawa, naye alikuwa mtu wa kupenda dansi. Ndiyo maana baba yetu, kama baba wa kila mtu niliyekua naye, alikuwa na bastola ndogo iliyokaa pamoja na upembo na rungu. Samaki akifika juu ya maji, ubavuni mwa boti, unampiga risasi moja ya kichwa, ndipo unamwingiza.

Baba alikuwa na masharti yake, na hakuwa na mzaha nayo. Bastola haitiwi risasi mpaka samaki ameonekana. Unapiga kwa karibu, kuelekea chini, maana risasi ikiyagonga maji kwa ubavu inaruka na kwenda inakotaka. Anayeishika ni mmoja, na wengine wote wanakaa nyuma yake. Samaki akishaingia ndani humpigi tena hata afanye fujo gani, labda kama unapenda kurudi nyumbani kwa kuogelea.

Bastola ya Arvid ilikuwa ileile ya baba. Aliiweka ndani ya soksi ya sufu iliyoloweshwa mafuta ili chumvi isiile, na soksi ilining'inia kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba cha usukani. Soksi yenyewe ilikuwa nyekundu, kisigino kimeenda upande. Aliyeifuma ni Signe, mwanawe wa pekee, alipokuwa mtoto. Mimi ndiye niliyemfundisha kufuma, kwa sababu mama yake alikuwa ameshatutoka. Alimaliza moja akachoka, akanirushia sindano.

"Shangazi, baba atavaa hii moja. Mguu mwingine atautia mfukoni."

Arvid alicheka mpaka akakohoa. Akaichukua soksi yake akaenda nayo botini, na huko ndiko ilikokaa miaka yote.

Signe akakua, akaolewa na Wesley, fundi wa injini za boti wa Prince Rupert, upande wa Kanada. Arvid alinuna kwamba mtoto amevushwa mpaka, halafu akampenda yule mkwe kuliko alivyotupenda sisi wa damu yake. Kila alipopata samaki mzuri alisema, "Huyu angekuwa wa Wesley." Lakini kwenda huko kwa boti hakuwahi. Wao ndio waliokuja, kila kiangazi, kwa meli ya abiria.

Kisha ikaja saratani. Signe alipigana nayo kimya kimya, na baba yake akaambiwa mambo nusunusu kama mtoto. Mpaka asubuhi moja ya mwezi wa Juni Wesley akapiga simu, na nilipoisikia tu sauti yake nikakaa chini. Alisema madaktari hawatibu tena, wanamtuliza maumivu tu. Alisema kama mnakuja, njooni.

Kwa ndege ungepelekwa kusini mpaka Seattle, halafu Vancouver, halafu urudishwe tena kaskazini, na ukungu ulikuwa umeufunga uwanja wa Rupert. Meli ya abiria haikuwa na safari wiki ile. Ilibaki boti ya Arvid, ambayo ingetoka alfajiri na kufika jioni, maana Juni kwetu jua halina haraka ya kulala.

Signe mwenyewe alitaka boti. Alichukua simu kwa Wesley, sauti yake nyembamba, lakini utani wake uko palepale.

"Baba, dirisha langu linatazama bandari. Ukiingia piga honi, nijue ni wewe."

"Nitapiga mpaka wanifukuze mjini."

"Na usichelewe."

"Lini nimewahi kuchelewa mimi?"

"Kila siku! Ukifika gatini unafunga kamba kama unasuka nywele za bibi harusi. Sisi tunakufa njaa, wewe unafunga kamba."

"Kamba ikifungwa ovyo boti inaondoka, mama."

"Haya. Funga upesi upesi, kisha upande kwangu."

Arvid alipokata simu alisimama akiutazama ukuta. Hakulia. Alisema tu kwamba anakwenda kuandaa boti, na mimi nikajua maana yake ni kwamba anakwenda kulia botini.

Mchana ule alifanya kazi ya kuondoa kila kitu ambacho kingeweza kumchelewesha mpakani. Jirani yetu wa gatini, Dale Pruitt, mtu aliyejaliwa maneno mengi kuliko samaki, alikuja kusimama juu ya kichwa chake.

"Bunduki ya dubu unaiacha?" Dale aliuliza.

"Naiacha."

"Arvid! Unavuka mlango wa bahari wa Dixon na bibi kizee mmoja, bila hata kitu cha kujilinda?"

"Bibi kizee ni mama yako," nilimwambia kutoka jikoni mwa boti.

"Samahani, Inga, sikujua kama uko ndani." Akainama karibu na Arvid, akishusha sauti ambayo hata kule mjini ilisikika. "Itie nyuma ya injini. Mimi mara ngapi nimeenda na yangu? Nani atatia mkono wake kwenye grisi ile?"

Arvid aliweka chini boksi la risasi alilokuwa amelibeba. "Dale, sikiliza. Wale wana sheria yao, na nchi ni yao. Bunduki ndefu ukiitaja unalipia, unapewa karatasi, unapita nayo. Bastola hawaitaki kabisa. Ukificha wakakukuta, wanakukamata wewe na wanaizuia boti. Sasa mimi naenda kuwinda? Naenda kumwona mwanangu. Chochote cha kunisimamisha njiani kishuke hapa hapa."

"Basi hata ile ya plastiki ya kurusha moto?"

"Hiyo ni ya kuombea msaada, inaruhusiwa. Lakini nitaitaja."

Na kweli alishusha. Alishusha bunduki ya dubu, akashusha risasi zote, akashusha kichupa cha pilipili cha kupulizia watu alichowahi kununuliwa marehemu mkewe. Alipiga magoti na tochi akamulika chini ya vitanda, akapata risasi moja iliyobingirika huko sijui tangu lini, akampa Dale kama anayetoa mwiba mguuni. Kisha akafagia. Nyuma ya mlango alikuta upembo, rungu na soksi, akavisogeza kwa mkono, akafagia pembe ile, akavirudisha. Dale alikuwa amesimama palepale akitazama, wala hakusema neno, yeye mwenye maneno yote yale. Nami nilipoingia nikalitundika koti langu la mvua kwenye msumari uleule.

Watu wa kwetu tu ndio wanaoweza kukosea hivyo. Mtu wa mjini akiwa na bastola anajua kwamba anayo, anaifungia, anaiota usiku. Sisi tunaishi nayo mpaka inageuka kuwa chombo cha samaki, na chombo cha samaki hakihesabiwi. Hasira yangu yote iko hapo, na sina wa kumtupia.

Tuliondoka kukiwa na ukungu mwepesi. Mlango wa bahari wa Dixon ulikuwa na mawimbi marefu ya pole, yale ya kukupandisha na kukushusha bila ugomvi. Arvid hakuniachia usukani hata kidogo. Nilimpa kahawa na mikate myembamba ya viazi niliyompikia Signe, akakataa mikate, akasema ni ya mwenyewe. Baadaye akanyoa ndevu kwa kioo kidogo, mkono mmoja kwenye usukani, akajikata shavu.

"Unanyoa ya nini sasa hivi?"

"Nisimtishe," alisema. Akajifuta damu. "Inga, nitamwambia nini?"

"Mwambie habari za samaki."

"Za samaki anazijua zote."

"Basi atazisikia tena. Wewe ulimwambia habari za samaki siku aliyozaliwa, nilikuwepo."

Alicheka kidogo. Hicho kicheko ninakitunza, kwa sababu ndicho cha mwisho nilichokisikia kwake.

Ukungu ulifunguka tulipokaribia Rupert. Mji ukaonekana umepanda kilima, nyumba juu ya nyumba, na juu huko hospitali, jengo refu lenye madirisha mengi. Hatukujua lake ni lipi. Arvid alivuta honi ndefu, akaachia, akavuta tena, na tena. Ndege wa baharini waliruka kutoka kwenye nguzo. Mtu mmoja kwenye boti ya pili alitukunjia ngumi. Arvid hakumwona. Macho yake yalikuwa kwenye yale madirisha, na midomo yake ilikuwa ikisema kitu ambacho sikukisikia kwa sababu ya honi.

Tulifunga kwenye gati la kuripotia, lile waliloandikiwa wageni. Hapo kuna utaratibu. Nahodha peke yake ndiye anayeshuka, anapiga simu forodha, na wengine hamkanyagi ubao mpaka mruhusiwe. Nilisimama mlangoni nikimsikiliza. Alitaja jina lake, langu, boti, safari. Alitaja bastola ya plastiki ya moto wa kuombea msaada. Kisha akasikiliza swali, akajibu kwa sauti ya mtu aliyejiandaa.

"Hapana, sina silaha yoyote. Nilishusha zote nyumbani."

Wakamwambia angoje, maafisa watakuja kuangalia boti, ni kawaida tu. Walikuja wawili, kijana mmoja mkimya na mwanamke mwenye nywele za mvi kidogo. Yule mwanamke alituambia anaitwa Pelletier. Alikuwa na adabu.

"Shikamoo, mzee. Pole na safari. Hatutawaweka sana."

"Ingieni, ingieni," Arvid alisema. "Angalieni kila mahali. Nina mwanangu pale juu hospitalini, ananingoja."

"Basi tutafanya haraka."

Alikuwa akiwaongoza mwenyewe, akifungua makabati kabla hawajaomba, akiinua magodoro. Pelletier alimwambia atulie, watafungua wao, yeye akaendelea kufungua. Walipomaliza chumba cha usukani, yule kijana alikuwa ameshaweka mguu nje. Arvid akanigeukia.

"Inga, vaa koti, tunapanda," alisema, akanyoosha mkono nyuma ya mlango akalivuta koti langu kwenye msumari.

Soksi ikayumba ikagonga ubao.

Ulikuwa mgongano mdogo tu, wa chuma juu ya mbao. Kila mtu humo ndani aliusikia. Arvid alibaki ameshika koti langu, akiitazama ile soksi kama anaiona kwa mara ya kwanza maishani mwake. Nikaona uso wake unapauka mpaka kile kidonda cha wembe kikabaki chekundu peke yake.

"Mzee, humo kuna nini?" Pelletier aliuliza.

"Ya samaki," Arvid alisema. "Hiyo ni ya samaki."

"Usiiguse. Rudi nyuma kidogo, tafadhali."

Aliichukua soksi, akaitoa bastola kwa vidole viwili, akafungua silinda. Ilikuwa tupu, inang'aa mafuta. Hata chembe ya kutu haikuwa nayo.

"Risasi zake ziko wapi?"

"Nilizishusha Ketchikan. Zote. Nilifagia."

"Kwenye simu umeulizwa kama una silaha."

"Niliulizwa."

"Ukasema huna."

"Sikuwa nayo," Arvid alisema. Akajisikia mwenyewe, akajishika kipaji cha uso. "Ninayo. Mungu wangu, ninayo. Lakini nilipokuwa naongea kwenye simu sikuwa nayo, mama. Sijui nikwambie vipi."

Mimi sikuwa na subira yake. Nilimwambia Pelletier kwamba yule mtu hajawahi kusema uongo hata kanisani, kwamba mtoto wake anakata roho juu ya kilima kile, kwamba kama wanataka hiyo bastola waichukue, waichukue na boti na mimi mwenyewe wanifunge kwenye nguzo, lakini wamwachie apande. Nilipiga kelele. Watu wa boti za jirani walitoka kutazama.

Pelletier alinisikiliza mpaka nikaishiwa pumzi. "Mama, ingekuwa amri yangu ningempandisha sasa hivi," alisema. "Lakini ni bastola, na jibu lilikuwa hapana. Haiko mikononi mwangu tena. Lazima boti ipekuliwe yote, lazima mkubwa wangu aamue. Napiga simu sasa hivi, na nitaendelea kupiga." Halafu akamgeukia Arvid, na hilo alilolisema nafikiri halikuwa kwa ubaya, lilimtoka tu. "Mzee, ungeitaja tu. Ningeichukua, wewe ungekwenda zako."

Nilijaribu kumchukia yule mwanamke. Nimejaribu tangu siku ile, na siwezi. Alikuwa akipiga simu huku akitembeatembea gatini, nikamsikia akimwambia mtu, "Ni binti yake, bwana, ni binti yake." Kijana mkimya akawa anapekua boti kwa tochi, ubao kwa ubao, kule kwenye injini ambako Dale alishauri tufiche bunduki. Hakupata kitu, kwa sababu hakukuwa na kitu.

Nikaomba niende mimi. Hakuna anayeshuka, wakasema, mpaka wote tumalizwe kuhojiwa. Pelletier akanipa simu yake nimpigie Wesley.

Nilimweleza kwa kifupi. Akasema polepole, "Shangazi, amesikia honi. Yuko macho. Anauliza kama baba amefika mlangoni."

Nikamnyooshea Arvid simu. "Ongea naye."

Akarudi nyuma hatua moja, mikono nyuma kama mtoto anayekataa dawa.

"Arvid, chukua simu."

"Nimwambie nini? Kwamba niko hapa chini nimekamatwa kwa bastola? Ndiyo maneno ya kumpa?"

"Mwambie chochote! Mwambie za samaki!"

"Nitamwona sasa hivi, Inga. Huyu mama ameshapiga simu. Sasa hivi wananiachia. Nikimwona nitamweleza, atanicheka. Mwambie Wesley amwambie nafunga kamba."

Nikamwambia Wesley hivyo. Mwambie baba yake anafunga kamba.

Tukangoja. Arvid alikaa juu ya pipa la barafu, amekitazama kilima. Walimhoji, akajibu kila kitu, mara nyingine akijibu hata lisiloulizwa, kwa kuogopa asije akaacha kitu tena. Alitaja visu vya samaki. Alitaja ndoana. Alitaja shoka la kuni. Kijana mkimya aliacha kuandika akainamisha kichwa. Taa za mji zikaanza kuwaka moja moja, na katika yale madirisha ya juu nazo zikawaka, na bado hatukujua lake ni lipi.

Mwishowe simu ya Pelletier ikalia. Mkubwa wake alikuwa ameamua kwamba bastola imechukuliwa na hairudi, boti inabaki gatini mpaka faini ilipwe, na Arvid atakuja ofisini asubuhi kutia saini. Kwa sasa apande. Pelletier aliitia bastola kwenye mfuko akaufunga kwa lakiri. Akabaki na soksi mkononi, hajui aifanye nini. Akampa Arvid.

"Hii si silaha, mzee."

Arvid akaitia mfukoni. Pelletier akatupandisha kilimani kwa gari lake mwenyewe, akiendesha kwa kasi. Tuliposhuka alibaki ameshika usukani kwa mikono miwili.

Wesley alikuwa amesimama kwenye ukumbi, nje ya mlango. Nilimwona jinsi alivyosimama, nikajua. Arvid hakutaka kujua. Alimshika mkwewe bega akataka kupita.

"Baba," Wesley alisema. "Ngoja kidogo."

"Nimechelewa kidogo tu."

"Baba, ameshaondoka. Sasa hivi tu. Mkono wake bado una joto."

Arvid hakuanguka wala hakupiga kelele. Aliuliza swali moja, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeulizia bei sokoni. "Alisema nini?"

Wesley alijifuta uso kwa kiganja. "Iliposikika ile honi alifungua macho. Akasema, huyo ni yeye, hakuna mwingine mwenye honi mbaya namna hiyo. Akaniomba nimchane nywele. Nikamchana. Akawa anautazama mlango. Nikamwambia kama shangazi alivyosema, baba anafunga kamba. Akacheka. Akasema, basi tutangoja mpaka kesho, namjua. Muulizeni kama ni bibi harusi. Halafu akasema, mwache afunge vizuri. Baada ya hapo hakusema tena, lakini macho yalikuwa mlangoni mpaka mwisho."

Mimi nililia pale ukumbini, sikujali nani ananiona. Nililia kwa huzuni, na nililia kwa hasira kwa kipande kile cha chuma cha baba yetu, na kwa zile hatua chache za kilima, na kwa ile simu iliyokuwa mkononi mwangu nimemnyooshea asiichukue.

Tukaingia. Alikuwa mdogo sana pale kitandani, nywele zimechanwa zimelala vizuri. Arvid alisimama kwanza mlangoni, pale macho yake Signe yalipokuwa yakitazama, akakaa pale muda kana kwamba anamngoja amwone. Kisha akaenda akaketi upande wa miguuni. Blanketi lilikuwa limepanda, na miguu ilikuwa wazi.

"Miguu yake baridi," alisema.

"Siku zote hizi alikuwa akilalamika baridi ya miguu," Wesley alisema. "Nilikuwa nikimsugua."

Arvid akatia mkono mfukoni akaitoa soksi. Akaikunja mdomo kwa vidole vyake vile vinene, taratibu, kama vile unavyomvisha mtoto, akampitishia vidole vya miguu, kisha kisigino, akaivuta mpaka juu. Ilikuwa kubwa mno kwake, maana aliifuma kwa mguu wa baba yake. Kisigino kilikaa upande. Chumba kikanuka mafuta ya bunduki. Muuguzi aliingia, akaona, akatoka.

Wesley aliangalia kitandani, akaangalia sakafuni, akatafuta kwa macho.

"Baba, ya pili iko wapi?"

"Hakufuma ya pili," Arvid alisema.

Akauchukua ule mguu mwingine kwa mikono yake miwili, akaufunika, akakaa ameushika.